Mrejesho: nyumba ya Florida yenye harufu ya mayai viza

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini nyumba yetu, iliyojengwa 2006, inanuka mayai viza na AC zinakufa ovyo. Aliyesema nifungue soketi nitazame waya wa shaba alipatia: mweusi tii! Ni zile bodi za jipsamu za ukutani zilizotoka China, zinatoa gesi ya salfa inayonuka na kula shaba. Ushauri wa kupaka rangi ili kuziba harufu haukusaidia, ilirudi joto lilipopanda. Tumebomoa jipsamu zote, tukabadilisha soketi, swichi, breka za umeme na ving'ora vya moshi. Waya za ukutani fundi kaziacha, kakata ncha zilizokuwa nyeusi tu. Harufu imekwisha. Kikohozi cha mtoto kimepungua, hakijaisha. Bima wamegoma kulipa.