Kupikicha macho, matone ya kujinunulia, lenzi: kipi kipewe uzito kwenye semina ya shule?

Mwelimishaji_Afya

Habari za humu wakuu. Naandaa kipindi cha dakika 40 kwa wanafunzi wa sekondari na wazazi wao kuhusu konea, kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Mtoto wa jicho na presha ya macho vimeshazungumzwa sana. Konea haizungumzwi, na sehemu kubwa ya madhara yake inatokana na mazoea ya kila siku. Orodha yangu ina kupikicha macho, matone ya dukani bila kupimwa, lenzi za machoni na kemikali. Muda hautoshi kuyachambua yote. Lipi lipewe uzito, lipi lipitiwe haraka? Naomba vipimo na hatua, siyo "tunzeni macho yenu".

Mpima_Macho

Kwa umri wa sekondari, anza na kupikicha. Konea katikati ina unene wa nusu milimita hivi, na takribani theluthi mbili ya nguvu ya jicho kukusanya mwanga inatoka hapo. Umbo lake likiyumba kidogo, picha yote inaharibika. Kwenye ugonjwa uitwao keratokonasi, konea inazidi kuwa nyembamba na kuchongoka mbele mithili ya koni. Mara nyingi huanza wakati wa balehe na kuendelea hadi miaka ya 30. Usiwaambie kwamba kila anayepikicha ataugua, maana urithi nao una nafasi yake. Ila hiki ni kihatarishi ambacho mwanafunzi anaweza kukiacha leo hii.

Waoneshe namna ya kupikicha iliyo mbaya zaidi: kifundo cha kidole kilichokunjwa, kinachozungushwa kwa nguvu juu ya kope zilizofumbwa. Wengi hawajui kama wanafanya hivyo. Waambie wajichunguze wanapoamka, wanapovua miwani na wanapokesha wakisoma. Ukipikicha, seli za mzio zilizo kwenye utando wa jicho zinamwaga histamini (kemikali inayoleta muwasho) zaidi, kwa hiyo raha ni ya dakika moja kisha muwasho unarudi kwa nguvu. Badala yake aweke kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, dakika 5 hadi 10, bila kukandamiza. Machozi bandia yasiyo na kihifadhi, yakitoka kwenye friji, yanatuliza vizuri. Muwasho wa kila wiki ni mzio unaohitaji tiba yake, mfano matone ya olopatadini au ketotifeni. Kumkataza mtoto kupikicha huku muwasho wenyewe umeachwa ni kumwonea tu.

Kwa wazazi: mtoto anayebadilishiwa miwani kila baada ya miezi michache, astigmatizimu (mpindo usio sawa wa konea) inapanda, na hata kwa miwani mipya bado anaona herufi zina kivuli, apelekwe akapigwe ramani ya konea. Wasiridhike na kuongezewa namba. Ikithibitika kuwa ugonjwa unaendelea, konea inaweza kukazwa kwa matone ya riboflavini (vitamini B2) na mionzi ya urujuanimno. Kwa utaratibu wa awali ni nusu saa ya matone, kisha nusu saa ya mwanga. Lengo ni kuusimamisha ugonjwa. Umbo lililokwisha kuharibika kwa kawaida halirudi kama zamani, ndiyo maana kuwahi kuna faida kubwa.

Famasia_Kona

Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu wanafunzi, ila kwa wazazi mimi ningeweka matone mbele. Jicho jekundu ni dalili tu. Nyuma yake panaweza kuwa na mzio, bakteria, fangasi, kirusi cha hepesi au kipande cha chuma kilichonasa, na chupa moja haitibu vyote hivyo.

Chupa ya kuogopwa ni yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe inayozima kinga. Inapunguza wekundu upesi, na hapo ndipo mtego ulipo: jicho linapendeza huku fangasi au hepesi wakiila konea, kwa sababu kinga iliyokuwa inawazuia imezimwa. Jicho lililochomwa na jani, mwiba au bua ndilo linalopata fangasi kwa urahisi, na ndilo mtu analolikimbizia matone yaliyobaki kwenye kabati. Akitumia wiki kadhaa mfululizo, presha ya jicho inaweza kupanda bila maumivu yoyote.

Wafundishe kusoma lebo, upande wa viambato, kwa maandishi yale madogo. Jina likiishia na "-sone" au "-olone" (dexamethasone, betamethasone, prednisolone, fluorometholone), hiyo ni steroidi, na haiingii machoni bila daktari kuiona konea kwa kifaa cha kukuzia. Angalizo: nyingi zimechanganywa na antibiotiki, na mbele ya boksi mnunuzi anaona neno la antibiotiki tu.

La pili ni matone ya ganzi, tetrakaini na jamii yake. Ni ya kliniki, kwa mfano kutolea kibanzi. Fundi aliyeunguzwa na mwanga wa kuchomelea akipewa chupa aende nayo nyumbani, atatia kila maumivu yanaporudi. Ganzi inazuia ngozi ya juu ya konea kujiunga upya na inaondoa hisia za kulilinda jicho, hadi kidonda kinaweza kutoboka. Mwunguzo wenyewe huanza kuuma saa 6 hadi 12 baada ya kazi, na kwa kawaida hupona ndani ya siku moja hadi mbili.

Maziwa ya mama, mkojo, asali, utomvu wa majani: sentensi moja inatosha. Hakuna hata kimoja kilicho safi kiasi cha kutiwa juu ya kidonda.

Na namna ya kutia dawa: tone MOJA. Jicho halina nafasi ya la pili, linaishia shavuni. Vuta kope ya chini, dondosha bila ncha ya chupa kugusa kope, fumba taratibu, bonyeza kona ya ndani karibu na pua dakika 1 au 2. Dawa nyingine isubiri dakika 5. Chupa ya kawaida ikifunguliwa, itupwe baada ya wiki 4, isipokuwa lebo inasema vingine.

Mwelimishaji_Afya

Shukrani sana. Hapa naona nitawachanganya: kwenye kemikali nawaambia wakimbilie bomba, kwenye lenzi nawaambia maji ya bomba ni marufuku. Nilielezeje hilo?

Muuguzi_Kliniki

Lieleze kwa hatari inayopimwa. Kemikali, hasa za jamii ya alkali kama chokaa, saruji na magadi ya kuzibulia mabomba, inaendelea kupenya konea kila sekunde. Hapo maji yoyote safi yaliyo karibu ndiyo dawa. Miminia mfululizo dakika 15 kwa uchache, na kwa chokaa au saruji fika 30. Mgonjwa azungushe jicho pande zote, na kope ya juu iinuliwe. Punje ya chokaa iliyojificha chini ya kope itaendelea kuunguza hata kama umemwaga ndoo nzima. Daktari ataipindua kope kuitafuta. Kama amevaa lenzi, aitoe huku maji yanaendelea, usisimame. Siki ya "kuua" alkali isitumike kabisa. Kisha hospitali siku hiyohiyo, na chupa ya kemikali iende naye.

Lenzi ni habari nyingine. Maji ya bomba yanaweza kuwa na akantamiba, kijidudu kinachong'ang'ania kwenye lenzi na kukaa juu ya konea kwa saa nyingi. Tiba yake huchukua miezi. Kwa hiyo lenzi haioshwi kwa maji, haivaliwi bafuni wala kwenye bwawa, na mate yasitajwe. Mikono ikaushwe kabla ya kuishika. Isuguliwe kiganjani kwa dawa yake pande zote mbili, isuuzwe kwa dawa hiyohiyo, ya jana imwagwe yote bila kujaziliza. Kikopo kikaushwe kikiwa kimepinduliwa, na kibadilishwe walau kila miezi 3. Kulala nazo ni kuinyima konea hewa, maana haina mishipa ya damu na inategemea oksijeni inayopitia kwenye machozi.

Mvaaji akipata maumivu, kuogopa mwanga au ukungu, avue, asiweke kiraka juu ya jicho, awahi siku hiyohiyo. Lenzi na kikopo aje navyo BILA kuviosha, maabara inaweza kuotesha vijidudu kutoka humo.

Mpima_Macho

Nyongeza kwa ajili ya ukumbini. Bandika karatasi ya herufi ukutani, kila mtu aisome kwa jicho moja moja. Jicho zima humfichia mtu ubovu wa mwenzake, hata mwaka mzima. Sisitiza wafunike kwa kiganja kilichoinuliwa kidogo, wasibane jicho kwa vidole. Jicho lililobanwa hubaki na ukungu kwa muda, na utaishia kuwaandikia rufaa watu wenye macho mazima.