Mpini wa beleshi ni mviringo, mnatupatia bati bapa la nini?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimefungua boksi la modeli ya kuunganisha ya Panzer IV, kifaru cha Wajerumani, skeli 1/35, kampuni siitaji, bei inauma, nakuta beleshi la ubavuni ni bati la shaba ya njano. Mpini bapa! Eti nikunje bati mara mbili, nigandishe, ndiyo lipate unene. Mpini wa mti huo! Kwa plastiki unatoka mviringo safi, na la plastiki hawakuweka kabisa, maana siku hizi shaba ndiyo inauza boksi.

Sichukii shaba. Yale mabamba ya ubavuni ya Panzer IV, Schürzen, yalikuwa na unene wa milimita 5. Gawanya kwa 35, unapata kama 0.14. Bati lililochongwa kwa kemikali linafika hapo bila shida, plastiki ingetoka nene kama ubao. Na nyavu za juu ya injini ya kifaru kingine, Tiger, pia, hapo lete shaba nilipe.

Ila vishikizo vya zana, vile vya kubana beleshi na wenzake kwenye kifaru, jamani! Kimoja kina vipande vitatu, kila kipande kidogo kuliko chawa. Ukikatia juu ya kitu laini kinapinda, kibano kikiteleza kimeruka, kwaheri. Gundi ya plastiki haishiki chuma, lazima supagluu, nayo inaanza na kidole chako. Halafu unapaka rangi na matope, nani atakiona?

Karatasi ya maelekezo ndiyo matusi kabisa. Mshale unasema kunja, upande gani hausemi. Kawaida mfereji, ule mstari uliochongwa wa kukunjia, unakaa ndani ya kona, tunajua, lakini humu kuna vipande vinavyokunjwa kinyume na hawajaandika hata neno. Ukikunja, ukakunjua, ukakunja tena, mstari ule mwembamba umekatika. Cha akiba hakuna.

Na msinitajie zile kampuni zilizohamia chuma cha pua. Shaba angalau unaipitisha kwenye moto wa kiberiti ikalainika. Kile ukikikunja kinarudi.

Wekeni vyote viwili, mtu achague. Tamiya, kampuni ya modeli ya Japani, zana zao ni za plastiki, nyavu za shaba wanaziuza pembeni kwa anayetaka. Mbona inawezekana?

Mwenye fremu ya zana za plastiki za Panzer IV iliyobaki aje inbox, nanunua.