Miadi ya daktari huku Uingereza: simu ya asubuhi, NHS App au kwenda mwenyewe kaunta? Nisaidieni kulinganisha, ni kwa ajili ya mama

MamaPacha_Northampton

Wadau habari za asubuhi, wakubwa shikamooni. Mama yangu ana miaka 71, ana presha na sukari, tunaishi nae hapa Northampton mwaka wa tatu sasa na Kingereza chake ni cha kusalimia tu. Naomba kujua wenzangu mnatumia njia gani kupata apointimenti ya jipii (GP, daktari wa mtaa) kwa mzee maana mimi nimezijaribu zote tatu na kila moja imeniangusha kwa namna yake.

Simu: sajari yetu (kliniki ya jipii) inafungua laini saa mbili kamili asubuhi. Saa mbili kasoro dakika moja nishashika simu, nabonyeza tu nakuta niko wa 23 kwenye foleni. Naiweka spika juu ya friji, navalisha watoto, nakoroga uji, muziki ni ule ule, na mama muda wote huo kakaa ukingoni mwa kochi kashavaa viatu na koti na mtandio wake, mkoba mapajani, macho kwenye simu. Zamu yangu inafika saa mbili na dakika arobaini naambiwa za leo zimeisha piga kesho. Mama anavua viatu taratibu hasemi neno, na hicho ndo kinaniuma kuliko hata hiyo foleni.

NHS App (programu ya simu ya huduma ya afya ya serikali): yangu haina shida, naagizia dawa humo na majibu ya damu nayaona. Ya mama ilikwama kwenye kujithibitisha, inataka pasipoti halafu ijichukue video ya uso, maelekezo yote Kingereza, mara mwanga hautoshi mara muda umeisha, tukaiacha.

Kaunta: nilienda mwenyewe wakanipokea vizuri nikapewa ya wiki mbili mbele, ujumbe ukaja kwenye simu yangu 10:40. Nikampigia mama kutoka kazini nikamwambia saa nne na dakika arobaini, yeye kaandika kwenye kalenda 4:40. Siku yenyewe mdogo wangu ndo alikuwa ampeleke, kakulia huku, kaona 4:40 kampeleka jioni. Wakaambiwa muda ulishapita na kwenye faili lake pameandikwa hakufika. Nililia kwenye basi jamani.

Sasa nyie mnaonaje, ipi nishikamane nayo?

Mzigua_Coventry

Pole sana dada. Mimi napiga shifti za usiku weahausi, saa mbili asubuhi ndo niko njiani narudi kwahiyo simu kwangu niliifuta kabisa kwenye mahesabu, naenda na fomu ya mtandaoni tu. Watu wengi wanachanganya hapa, fomu sio lazima uwe na NHS App, sajari nyingi fomu iko kwenye tovuti yao, unaweka jina na tarehe ya kuzaliwa unajaza, na unaruhusiwa kumjazia mtu mwingine, pana kipengele unasema wewe ni nani kwake. Halafu kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 sajari za England zinatakiwa ziache hizo fomu wazi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili na nusu jioni siku za kazi, kwa mambo ambayo sio ya dharura. Zamani ya kwetu saa tatu asubuhi ilikuwa ishafungwa.

Ila fomu inategemea unaandikaje. Mwanzo nilikuwa naandika "mgongo unauma" basi, nakaa siku nne kimya. Sasa hivi naandika umeanza lini, unanizuia kufanya nini (siwezi kuinama kufunga kamba za viatu, siwezi kunyanyua boksi), nimeshameza dawa gani na haikusaidia, nataka nini, na saa ngapi nipigiwe. Siku hiyo hiyo nikapigiwa na fizio (mtaalamu wa viungo na misuli) wa hapo hapo sajari, daktari hata sikumhitaji.

Kitu kingine muhimu, wakipiga mara nyingi namba haionekani. Usipopokea wanapiga mara moja au mbili halafu wanalifunga ombi lako. Kama una tabia ya kutopokea namba zilizofichwa siku hiyo pokea zote.

Na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kupinda upande mmoja, hayo sio ya fomu wala sio ya jipii, hayo ni 999 (namba ya dharura) muda huo huo.

Kinangop_Luton

Mimi niko tofauti kidogo na kina kaka hapo juu, mimi ni wa kuenda mwenyewe. Nilikuja na mtoto wa miezi saba, sikuwa na bili hata moja kwa jina langu, nikaambiwa hapo kaunta ati lazima nilete barua ya benki na pasipoti ndio niandikishwe. Nikarudi nyumbani nikasoma, kumbe huku England hauhitaji kitambulisho wala uthibitisho wa anwani ndio ujiandikishe kwa jipii, wanaweza kukuuliza lakini hawawezi kukukatalia kwa sababu hauna. Nikarudi siku ya pili nikawaambia hivyo kwa upole, msimamizi akatoka akaomba msamaha, nikajaza fomu. Kwa simu singeweza kuongea hivyo hata, ningekatwa. Mtu akikuona na mtoto mgongoni anakusikiza.

Lakini nakubali kwa mtu wa kazi haiwezekani, na asubuhi ile ya kwanza usiende, kuna laini ya watu wamesimama nje kwa baridi. Enda saa nne ama saa tano hivi wakati wamepumua.

Dada_Mapokezi

Nimekaa mapokezi ya sajari mwaka wa sita, mji sitaji, naomba niseme kwa upande wetu maana nimeisoma hiyo ya mama kuvua viatu nimeshindwa kupita kimya.

Kwanza MamaPacha hiyo "piga kesho" haitakiwi. Tangu mkataba wa majipii wa 2023 hapa England mgonjwa akitupigia tunatakiwa siku hiyo hiyo shida yake ipimwe au aelekezwe pa kwenda, sio kumwambia arudi kwenye foleni kesho. Haimaanishi utaonana na daktari leo, la, inawezekana ukapewa ya wiki ijayo, ila jibu lazima ulipate. Wakikwambia tena waombe kwa heshima waandike shida ya mama kwenye mfumo na wakwambie lini atapigiwa.

Pili, mkiulizwa na sisi "unasumbuliwa na nini" msichukie. Sio umbea. Ndo tunaamua uende kwa daktari, nesi, mfamasia wa sajari au fizio. Mama mwenye presha na sukari vipimo vyake vya kila mwaka, miguu, damu, mkojo, vingi anafanya nesi, na za nesi haziishi saa mbili na dakika tano. Kama ni koo, sikio la mtoto, mkanda wa jeshi, mkojo unaowasha kwa mwanamke wa miaka 16 mpaka 64, basi tangu Januari 2024 mfamasia wa mtaani anaweza kukuona na kukupa dawa bila daktari. Ila kwa mama yako hiyo ya mkojo hapana maana kavuka 64, lete kwetu.

Tatu na hii ndo kubwa kwa wazee wetu. Mkalimani ni bure, haulipi hata senti. Ombeni wakati wa KUCHUKUA miadi, sio siku ya kufika, maana siku ya kufika tunahangaika na daktari ana dakika kumi kumi. Na mkiomba mkalimani ombeni na muda mara mbili, kwani kila sentensi inasemwa mara mbili. Mwambie muandikishaji aweke kwenye faili la mama "anahitaji mkalimani wa Kiswahili" ili kila anaefungua alione. Kama mzee ni Mbajuni semeni Kibajuni, kama ni wa Congo semeni hivyo hivyo, tusije kumletea mtu wasieelewana.

Hiyo alama ya kutofika pia ombeni iandikiwe sababu. Tunaandika. Tunajua watu wana maisha.

Kwa kupiga, yasiyo ya leo leo pigeni mchana kuanzia saa nane. Simu zinaita mara mbili tu tunapokea.

Mwana_Bukavu

Asante sana dada wa mapokezi. Siye tuko Sheffield, baba hajuwe Kingereza hata kidogo. Tulikuwa tunamupeleka na mutoto wangu wa kike wa miaka kumi na mbili ndiyo anatafsiri. Siku moja baba alikuwa na shida ya wanaume, ya mukojo, alinyamaza kabisa mbele ya mujukuu wake, akasema tu kichwa kinauma. Tulirudi na paracetamol. Miezi mingi akateseka hivyo na sisi hatujue. Kisha tukaomba mukalimani kwa simu, daktari anaweka simu hapo katikati ya meza, baba akasema yote. Kwa wazee musitumie watoto, nawaomba.

Pwani_Edinburgh

Wa Scotland wasije wakachanganyikiwa na uzi huu, huku kwetu hiyo NHS App ya England haitufai, simu na kaunta ndo njia, na baadhi ya sajari zina fomu yao. Dawa zote za cheti bure huku kwa kila mtu, na mfamasia kumtibu kila mtu magonjwa madogo tulianza tangu 2020.

Mzigua_Coventry

Nimesahau kitu kuhusu App ya mama. Kama video ya uso imegoma, nendeni kaunta na kitambulisho muombe ile karatasi yenye namba tatu za kujisajilia, ukiwa nayo hiyo video huihitaji. Au acha kabisa App yake, omba wakuweke wewe kama mwakilishi wake, mama akikubali na sajari ikikubali unaona dawa zake na miadi yake ndani ya App yako. Mimi nimefanya hivyo kwa mama mkwe, dawa zake za presha naagiza nikiwa kwenye mapumziko ya saa sita usiku.

MamaPacha_Northampton

Jamani asanteni mno, sikutegemea. Nimepiga leo saa nane na robo mchana kama dada wa mapokezi alivyosema, simu imeita mara tatu tu ikapokelewa. Nimewaambia taratibu, mkalimani, muda mara mbili, na ile ya kutofika nimeeleza ilivyokuwa. Yule dada wa upande wa pili akacheka vizuri tu akaniambia hajawahi kujua kwamba saa yetu inaanzia asubuhi, akaandika. Wamenipa Alhamisi, nesi kwanza kwa miguu na damu, halafu daktari wiki inayofuata. Karatasi ya uwakilishi naenda kuichukua kesho.

Kwenye friji nimebandika 11:20 kwa maandishi makubwa kama ilivyokuja kwenye ujumbe, chini yake nimechora saa ya ukutani na mishale yake, sikuandika saa tano popote. Mdogo wangu kaipiga picha.

Sasa mama kaniuliza huyo mkalimani ni mwanamke au mwanamme, maana ana jambo la kumwambia daktari ambalo hata mimi hajaniambia. Kesho saa nane napiga tena.

Dada_Mapokezi

Piga, omba wa kike. Na mwambie mama wewe utakaa nje, kama ndo anavyotaka.