Pomboo kafa ufukweni Kizimkazi: sampuli za bakteria zitolewe wapi?

Assalaam alaykum. Pomboo kakwama, kafa alfajiri. Tuanzie wapi?

— Waalaykum salaam. Wahini kabla jua halijapanda. Kwa joto letu bakteria wa utumbo huenea upesi, maabara ikaotesha mchanganyiko usiosomeka. Ubongo na maji ya uti wa mgongo kwanza, ndiko bakteria aitwaye Brucella ceti hupenda kukaa. Kisha mapafu, ini, wengu. Utumbo mwisho, kwa kisu kingine.

— Vipande vya kuotesha visiguse formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, maana huua bakteria. Viwekeni kwenye barafu. Vya hadubini ndivyo vitiwe formalini ya asilimia 10, unene sentimita 1, ujazo wa dawa uwe mara 10 ya ujazo wa nyama. Mabaka ya ngozi yaliyoinuka kama almasi? Shukuni bakteria Erysipelothrix.

— Glavu mbili, barakoa na miwani, tafadhalini! Brucella humwingia binadamu, na msumeno wa fuvu hurusha matone. Nyama asichukue mtu, hata ya chambo.