Tupeane uzoefu: irabu za Kihispania zilikusumbua wapi, na ulizinyoosha vipi?

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa wanaoanza Kihispania wakitokea kwenye Kiingereza, ama kwa kuwa ndiyo lugha waliyokulia, ama kwa kuwa vitabu vyao vimeandikwa kwa Kiingereza. Mwenye kisa chake akiweke. Naanza mimi.

Kitabu changu kilieleza a, e, i, o, u kwa mifano ya maneno ya Kiingereza. Mwezi mzima nikawa naona "mesa", nalikumbuka kwanza neno la Kiingereza la kwenye mfano, ndipo nafungua mdomo. Siku moja mwalimu akaniuliza nyumbani naongea lugha gani. Kiswahili, nikamjibu. Akaniomba nihesabu hadi kumi. Nilipofika "tano" akanisimamisha: hiyo a na hiyo o ndizo ninazozitaka kwako! Kumbe irabu ni tano kama zetu, na "mesa" ni meza, kwa maana na karibu kwa sauti.

Kilichobaki kunisumbua ni maneno yanayoandikwa sawa au kukaribiana katika lugha zote mbili: animal, hospital, idea, música, universidad. Jicho likiliona neno, ulimi unakimbilia Kiingereza. "Universidad" nilikuwa naianza na "yu" wakati ni u tupu, kama ya "uji". Haya nimeyaandika kwenye daftari peke yake na nayasoma kila asubuhi.

polepole_tu: Mimi nimekulia Kiingereza, kwa hiyo shida yangu ilikuwa kuvuta. Mwingereza akisema "no", midomo inaanza wazi kiasi na kumalizikia imejikunja, sauti inageukia u. Kwenye e nako inateleza kuelekea i. Nilikuwa nataka kusema "qué pena", yaani inasikitisha, na mwenzangu akasikia "peina", yaani anachana nywele. Hakuelewa kabisa, nami sikuelewa kosa liko wapi, maana masikioni mwangu nilikuwa nimesema vilevile.

Kilichonisaidia ni kioo na kidole kidevuni. Sema "no" ya Kihispania: kidevu kikishashuka kinatulia hapohapo mpaka sauti ikatike. Kikisogea, rudia. Nilifanya hivyo kwa no, me, te, se, lo, dakika chache tu kwa siku.

mwalimu_wa_jioni: Nafundisha watu wa Kiingereza, na kwa maoni yangu kuvuta si kosa kubwa kuliko yote. Kubwa ni kumeza. Kiingereza kinakazia silabi moja, nyingine zinafifia. Chukua "banana": Mwingereza anaisikia vizuri a ya katikati, za pembeni zinakuwa mguno. Kwa Kihispania a zote tatu ni a kamili. Na ukimeza irabu ya mwisho umemeza maana: hermano ni kaka, hermana ni dada, hablo ni nasema, habla ni anasema. Wanafunzi wangu walikuwa wakimaliza maneno yote hayo kwa mguno uleule.

Ninachowafanyisha ni hiki. Toa konsonanti zote, soma irabu peke yake. Hermano inakuwa e-a-o. Iseme mara tatu, kila moja kwa uwazi uleule, kisha rudisha konsonanti bila kugusa irabu. Ya mwisho isikike kama ya kwanza.

mtoa mada: Asante sana mwalimu. Je, ile u ya "queso" na "guitarra"?

mwalimu_wa_jioni: Hiyo haisomwi. Ni "keso" na "gitarra". Ukiona nukta mbili juu yake, kama kwenye pingüino, ndipo inasikika.

kando_ya_dirisha: Wakuu, mnaosema Kiswahili kinatosha, ongezeni tahadhari. Sisi kila irabu tunaipa silabi yake, kwa hiyo "bueno" nilikuwa naitoa silabi tatu, bu-e-no. Ni mbili. Dawa nikaipata kwenye "kwenda" na "mbwa": nikaandika pembeni bweno, na kwatro kwa "cuatro" (nne). Lakini "país" na "día" zina alama juu ya i, hapo irabu zinaachana: pa-ís, dí-a.

Pili, mkazo. Wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, na wa Kihispania kwa kawaida uko hapohapo neno likiishia kwa irabu, n au s. Alama ikionekana kwingine, ifuate. Papá ni baba. Ukikazia mwanzo umesema papa, ambayo kwa nchi nyingi za Amerika ya Kusini ni kiazi. Habló ni alisema, si nasema.

sikio_wazi: Mimi kutamka nilipatia mapema, kusikia kukanikwamisha. Nilikuwa nasubiri maneno yaachane kama kitabuni. Hayaachani. "La amiga" inatoka "lamiga", na "cómo está usted" karibu inakuwa neno moja, a ya está ikiungana na u ya usted. Nilianza kuelewa nilipoacha kusubiri nafasi nikawa nafuata irabu tu.

mtoa mada: Nimejirekodi sasa hivi nikisoma hermano na hermana kwa njia ya mwalimu. Ya kwanza, o imegeukia u mwishoni. Ya nne imetulia. Narudia "universidad": u-i-e-i-a. Hakuna yu.