Mliosoma vyuo vidogo Marekani: tupeane uzoefu wa futiboli yao na besiboli

Wakuu, salaam. Kila siku humu ni vyuo vikubwa vyenye viwanja vya watu laki moja. Leo tuvipe nafasi vidogo.

Naanza mimi. Nilisoma Grambling State, kaskazini mwa Louisiana, chuo cha watu weusi kilichoanza 1901. Siku ya mechi kamji kote kanahamia uwanjani, na jina ni moja tu: Eddie Robinson, kocha wa futiboli. Alipewa timu 1941 akiwa na miaka 22, akaiachia 1997 na ushindi wa mechi 408. Kinyozi wangu, mzee wa palepale, hakuwa na habari na hiyo 408. Yeye ni msimu wa 1942: mechi tisa, zote wameshinda, na hawakufungwa hata pointi moja! Halafu vita ikachukua vijana, miaka miwili hakuna timu. Enzi hizo kocha mwenyewe ndiye anafyeka nyasi, anachora mistari ya uwanja, anawafunga wachezaji bandeji kwenye vifundo vya miguu, na mechi ikiisha anakaa kuandika habari yake awapelekee wa magazeti.

Karibuni.

Mdau wa Houston
Mwenye nyumba wangu alisoma hapo. Super Bowl, yaani fainali ya futiboli ya kulipwa, ya Januari 1988 anaisimulia kama ya juzi: Doug Williams, kijana wa Grambling, pasi nne za kufunga ndani ya robo ya pili peke yake. Washington 42, Denver 10. Kwotabeki (yule anayerusha pasi na kuongoza mashambulizi) mweusi wa kwanza kubeba kombe hilo. Na ndiye aliyekuja kumrithi Robinson pale chuoni.

Mdau wa Dallas
Besiboli mbona mnairuka? Mkuu wa chuo hicho, Ralph Waldo Emerson Jones, aliongoza 1936 hadi 1977, na huyohuyo ndiye alikuwa kocha wa besiboli. Yaani makamu mkuu wa chuo wa UDSM atoke kwenye kikao cha seneti aende kufundisha timu! Hapo wamepita Ralph Garr na Tommie Agee, yule wa Mets ya New York aliyedaka mipira miwili fainali za 1969, ambayo watu walishaihesabu imepita.

Mimi besiboli ilinichosha kweli, hadi jamaa aliponiambia niachane na mpira, nimwangalie mkimbiaji wa kituo cha kwanza. Anasogea hatua, mrushaji anamtupia jicho, anarudi. Anasogea tena. Nikanogewa.

Mdau wa New Orleans
Bayou Classic, ile mechi ya watani Grambling na chuo cha Southern: chakula kinanunuliwa mpira ukiendelea. Mapumziko ni ya bendi, hakuna anayenyanyuka.

Mdau wa Houston
Ila chuo kidogo vile, vipaji vyote vile walivitoa wapi?

Mleta mada
Mkuu, ubaguzi. Vyuo vikubwa vya kusini vilikuwa havichukui weusi, kwa hiyo vijana wakali walikuwa hawana pengine pa kwenda. Tank Younger alitoka hapo akaingia timu ya Rams 1949, wa kwanza kutoka chuo cha weusi kufika NFL, ligi kuu ya kulipwa. Milango ilipofunguliwa, wenye pesa wakaanza kuwachukua wenyewe. Buck Buchanan wa Grambling, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa timu za AFL (ligi pinzani ya NFL enzi hizo) zilipogawana wachezaji wa vyuo 1963, alikuwa mtoto wa jimbo la Alabama. Angekuwa kijana leo, sidhani kama wangemwachia avuke hata mpaka wa jimbo.

Wa Jackson State, chuo kingine cha weusi, zamu yenu.