Picha ya bibi: nataka ifanane na mchoro wa kale, inatoka kama nta

Mjukuu wa Wete

Asalaam aleikum jamaa. Mimi niko Kikwajuni, lakini picha ni ya Pemba. Mwezi uliopita nilikwenda Wete nikamkuta bibi barazani asubuhi anasuka ukili, jua la upande limempiga shavuni na mikononi. Simu yangu haina chaji, nikaazima ya binamu yangu nikampiga picha kabla hajaniona. Kajitanda kanga ya buluu na nyeupe, jina lake "Wema hauozi". Tangu siku hiyo kila nikipata nafasi naifungua ile picha naiangalia.

Nataka niichapishe saizi ya A3 niitundike ukumbini, iwe kama mchoro wa rangi ya mafuta uliokaa miaka mia mbili. Nilipokuwa skuli tulipelekwa Makumbusho ya Kasri pale Forodhani, tukaona michoro ya masultani. Ule mwanga wake wa kahawia haujanitoka mpaka leo.

Nimejaribu programu tatu za simu. Ya kwanza imemfanya uso kama nta. Ya pili imemtia nyufa mpaka ndani ya jicho, zote saizi moja kama vigae vya ukutani. Ya tatu imelifanya jina la kanga uji mtupu, halisomeki. Kwenye kompyuta ninayo GIMP, programu ya kuhariri picha, ila siijui vizuri. Nifanyeje?

Fundi wa Vuga

Wa aleikum salaam kijana. Kabla ya yote, hiyo picha ilikufikia vipi? Kama binamu yako kakutumia kwa WhatsApp, imebanwa, na A3 itakutia aibu. Mwambie aitume tena kama dokumenti. A3 ina urefu wa sm 42, na kwa nukta 300 kwa inchi upande mrefu unataka pikseli karibu 4,960. Simu ya megapikseli 12 inakupa 4,000 hivi. Kwa picha itakayofanana na mchoro zinatosha.

Sasa nyufa. Programu za simu zinamwaga uzee juu ya picha nzima sawasawa, na mchoro hauzeeki hivyo. Rangi ya mafuta ikishakauka sana inakuwa ngumu, haivutiki tena. Turubai au ubao ulio chini yake unavimba na kusinyaa kwa unyevu, ndipo rangi inapopasuka. Kwenye ubao nyufa hufuata nyuzi za mti. Kwenye turubai huanza mara nyingi penye kona, zikaenda mshazari. Palipogongwa pana ufa kama utando wa buibui. Basi kila ufa unaouweka jiulize umetoka wapi. Kama hujui, ufute.

Mwanga wa kahawia uliouona ni vanishi. Wachoraji wa zamani walimalizia kwa vanishi ya utomvu wa miti, nayo kwa miaka hugeuka manjano, kisha kahawia. Rembrandt alichora kikosi cha walinzi mwaka 1642, vanishi ikafanya giza kiasi watu wakauita mchoro ule Ulinzi wa Usiku. Ilipoondolewa miaka ya 1940, ikaonekana ni mchana! Kwa hiyo juu ya picha yako weka tabaka lenye rangi ya chai kavu, hali ya maltiplai (inayotia giza kilicho chini yake), nguvu asilimia 25 hadi 35. Kabla yake punguza weupe mkali na uinue weusi kidogo, maana chini ya vanishi kuukuu hakuna cheupe pepe wala cheusi tii. Utaona buluu inaelekea kijani. Ndivyo inavyokuwa hata kwenye michoro ya kweli.

Lakini chora kwanza, zeesha baadaye. Pakua G'MIC, ni nyongeza ya bure ya GIMP, utafute filta ya Kuwahara. Kila pikseli inaangalia miraba minne inayoizunguka, inachukua wastani wa ule mraba uliotulia zaidi, yaani rangi zake hazipishani sana. Kingo zinabaki, ndani panalainika kama palipopitishwa brashi. Ukutani nyuma ya bibi weka miraba mikubwa, usoni midogo sana. Mchoraji naye hachori jicho kwa brashi ya ukuta. Jina la kanga usiliachie filta: rudisha herufi za picha ya asili, kisha zipitie mwenyewe kwa mkono, moja moja.

Mama wa Chake

Mwanangu, kazi ni nzuri, lakini bibi yako yu hai. Mbona unamtia miaka mia mbili? Mimi picha ya marehemu baba yangu iliharibika kwa unyevu, ufa umepita shavuni, na kila nikiiangalia roho inaniuma. Muulize mwenyewe kwanza anataka aonekane vipi.

Na ukichapisha kwa turubai, acha sm 5 kila upande za kukunjia kwenye fremu. Usiitundike kwenye ukuta unaotoa jasho masika.

Mjukuu wa Wete

Nimerudi. Faili nimelipata, 4,000 kwa 3,000. Kuwahara imenipa kile nilichokuwa nakitafuta, hasa kwenye ukuta wa chokaa nyuma yake. Herufi za kanga zimenichukua usiku mzima, sasa zinasomeka. Chai nimeweka asilimia 30, ila juu ya kanga nimeshusha hadi 15, kwa sababu ile buluu aliichagua mwenyewe dukani.

Mama, nilikusikiliza. Nimempigia bibi, binamu akamuonesha kwenye simu. Nyufa usoni kakataa. Kahawia kaipenda, kasema ni kama jioni. Kilichomshughulisha ni ukili: filta imeuchanganya, na yeye anataka kila mkunjo uonekane, watu wasije wakasema anasuka ovyo. Kwa hiyo mikono na ukili nimevirudisha karibu kama vilivyokuwa, na nyufa nimeziacha kona mbili za juu tu.

Fundi, hapo kwenye vidole, panapokutana palipopakwa na pasipopakwa, panaonekana mstari. Naufichaje?

Fundi wa Vuga

Lainisha ukingo wa barakoa (ile sehemu inayoonesha wapi filta ifike na wapi isifike), pikseli 40 hivi, halafu pitisha brashi laini kufuata vidole, usivikate. Nitumie nione kabla hujachapisha.